Maswali ya Wasomaji: Kabla Hujampa Mtu Namba Yako ya Social Security

Msimu wa kodi Marekani hufunguliwa mwishoni mwa Januari na ritani nyingi zinatakiwa kuwasilishwa kufikia tarehe 15 Aprili. Barua zenu kwa safu hii ni nyingi, na nyingi zimeandikwa na watu waliokwisha kuumizwa. Tumechagua tano. Humu IRS ni mamlaka ya kodi ya serikali kuu, namba ya Social Security ni namba ya serikali inayokutambulisha kazini na kwenye kodi, ritani ni hesabu unayoipelekea mamlaka hiyo kila mwaka, na marejesho ni pesa zinazorudi kwako baada ya hesabu hiyo.

*

Shikamooni wahariri. Nina watoto watatu, nafanya usafi hospitalini. Kuna ndugu mmoja hapa kwetu anawafanyia watu ritani sebuleni kwake. Mwaka jana aliniletea marejesho makubwa kuliko miaka yote, akachukua asilimia 15. Shoga yangu ameziangalia karatasi zangu, anasema hazina jina la huyo ndugu popote. Nina tatizo? (Louisville, Kentucky)

Marahaba, mama. Unalo, na afadhali umeuliza wewe kabla IRS haijakuuliza.

Chukua ile fomu 1040, yaani ritani yenyewe, fungua ukurasa wa pili. Chini kabisa, chini ya saini yako, kuna sehemu iliyoandikwa Paid Preparer Use Only. Kila anayelipwa kutengeneza ritani anatakiwa kisheria aandike jina lake pale, atie saini, na aweke PTIN yake: herufi P ikifuatiwa na tarakimu 8, namba anayoihuisha kila mwaka. Pakiwa patupu, au pameandikwa Self-Prepared, basi mbele ya IRS ritani hiyo umeitengeneza wewe mwenyewe. Wamarekani humwita mtu wa namna hii mzimu, maana siku ya maswali haonekani. Anayebaki na deni, riba na adhabu ni mwenye ritani.

Sasa panda juu kidogo hadi mstari wa 35. Kwenye 35a kuna kiasi cha marejesho, 35b namba ya benki yenye tarakimu 9, 35d namba ya akaunti. Fungua programu ya benki yako ulinganishe tarakimu kwa tarakimu. Angalia pia kama imeambatishwa fomu 8888, ile inayogawa marejesho kwenye akaunti zaidi ya moja. Mara nyingi "asilimia" ya mtu hupita humo bila mwenyewe kujua. Hakuna mtengeneza ritani anayeruhusiwa kuingiza marejesho yako kwenye akaunti yake, hata kama mmekubaliana.

Halafu shika W-2 yako, ile karatasi ya mshahara ya mwaka kutoka kwa mwajiri. Kisanduku cha 1 lazima kionekane kwenye mstari 1a wa ritani, na kisanduku cha 2, kodi uliyokatwa, kwenye mstari 25a. Ikiwa 25a ni kubwa kuliko W-2 na hukuwa na kazi nyingine, hiyo namba imepikwa. Kisha tafuta Schedule C, karatasi ya biashara. Wewe ni mtu wa usafi hospitalini. Ukijikuta humo umekuwa msusi mwenye mapato ya dola 8,000, umepata jibu la yale marejesho makubwa. Inafanywa hivi kwa sababu ile nafuu ya watu wa kipato cha chini, EITC, hupanda kadiri kipato cha kazi kinavyopanda, ikafika kileleni, kisha ikaanza kushuka. Mzimu anaijua ngazi hiyo. Mwenye mshahara mdogo humbunia biashara ili apande. Mwenye mshahara mkubwa humbunia hasara ili ashuke. Ndiyo maana malipo ya asilimia ni dalili mbaya: anayelipwa kwa ukubwa wa marejesho ana kila sababu ya kuyavimbisha. Mtu wa haki hutoza kwa fomu au kwa saa, na bei unaijua kabla hajaanza.

La kufanya linategemea ulichokikuta. Kama namba ni za uongo lakini pesa ziliingia kwako, rekebisha kwa fomu 1040-X. Utarudisha kilichozidi pamoja na riba, na ukiwahi kabla IRS haijakuandikia, kwa kawaida adhabu ya asilimia 20 ya kodi iliyopunjwa haikukuti. Ukisubiri wakugundue, unaweza kufungiwa EITC miaka 2 kwa uzembe, au miaka 10 kwa udanganyifu. Kama aliibadilisha ritani bila ridhaa yako au alielekeza pesa kwingine, jaza fomu 14157, ambayo ni malalamiko, pamoja na 14157-A, ambayo ni kiapo chako. Ambatisha nakala ya ritani ilivyotakiwa kuwa, na ripoti ya polisi ikiwa pesa zilikwenda akaunti usiyoijua. Tunajua ni vigumu kumshtaki mtu mnayesali naye kanisa moja. Lakini kumbuka ana namba za Social Security za watoto wako watatu, na hujui anazitumia wapi.

Na mwaka huu uende wapi? Ukiwa na W-2 na watoto tu, anza na VITA, huduma ya bure ya watu wa kujitolea waliofanya mtihani wa IRS, inayopatikana maktaba, vyuoni na kwenye vituo vya jamii. Msimu wa 2025 kikomo cha kipato kilikuwa takriban dola 67,000, na hubadilika kila mwaka. Kituo cha karibu utaelekezwa kwa simu 800-906-9887. Nenda na kitambulisho chenye picha, kadi za Social Security za kila mtu aliye kwenye ritani, W-2 na 1099 zote (1099 ni karatasi za mapato yasiyo ya mshahara), 1095-A kama bima ya afya uliichukua kwenye soko la bima la serikali (Marketplace), ritani ya mwaka uliopita, na namba za benki. Kama mnawasilisha pamoja na mumeo, nendeni wote wawili. Mmoja akikosekana mtarudishwa nyumbani, kwa sababu saini mbili zinahitajika.

Ukiwa na biashara, nyumba ya kupangisha au barua za IRS zilizokwisha kufika, tafuta CPA (mhasibu mwenye leseni), mwanasheria wa kodi, au Enrolled Agent. Huyu wa mwisho watu wetu wengi hawamjui: ni mtaalamu mwenye leseni ya IRS yenyewe, aliyefaulu mtihani wa sehemu tatu au aliyewahi kufanya kazi IRS. Hao watatu wanaweza kusimama mbele ya IRS badala yako kwa jambo lolote. Mwenye PTIN peke yake hawezi. Kwenye tovuti ya IRS kuna orodha ya wenye sifa hizo. Andika zipkodi yako, tafuta jina kabla hujaenda.

Jambo moja la mwisho hapa, maana linawaponza wengi. Ritani ikienda kwa intaneti kupitia mtu, unasaini fomu 8879. Saini hiyo ndiyo ruhusa ya kuituma. Usiisaini kabla hujaona 1040 nzima, na usikubali kuonyeshwa kisanduku cha saini tu kwenye simu. Ondoka na nakala yako. Kupewa nakala ni haki yako kisheria.

*

Nimepigiwa simu na mtu anayejiita ofisa wa IRS. Anazijua tarakimu nne za mwisho za Social Security yangu na mtaa ninaoishi. Anasema nina deni la dola 2,300, nisipolipa leo kwa kadi za zawadi polisi watakuja na karatasi zangu za ukimbizi zitafutwa. Namba iliyoonekana ni ya Washington. (Grand Rapids, Michigan)

Ni tapeli. Kata simu, kaka, na usibishane naye.

IRS ikikudai huanza kwa barua ya posta. Haitaki kadi za zawadi, haitaki sarafu za kidijitali, haitumi picha ya kitambulisho kwa WhatsApp. Haina mamlaka ya kufuta hadhi ya ukimbizi wala kadi ya kijani. Namba ya Washington kwenye kioo cha simu hutengenezwa kwa programu, na tarakimu nne za mwisho huuzwa pamoja na anwani baada ya makampuni kuvujisha data za wateja. Mwaka 2018, mahakama huko Houston iliwafunga watu zaidi ya 20 wa mtandao mmoja uliokuwa ukipiga simu kama hizi kutoka vituo vya simu nchini India, na mtindo haujafa.

Una wasiwasi deni lipo kweli? Ingia kwenye akaunti yako ya IRS uangalie salio, au piga 800-829-1040. Mkalimani wa Kiswahili unaweza kumwomba. Mwambie anayepokea "Swahili interpreter" na usubiri. Tapeli mwenyewe umripoti kwa TIGTA, ofisi inayoikagua IRS, 800-366-4484. Kama ulishanunua kadi, piga kwa kampuni iliyoitoa sasa hivi huku risiti ukiwa nayo mkononi. Pesa ambayo haijatumika wakati mwingine huzuiwa.

*

Nimetuma ritani kwa programu, imekataliwa papo hapo: R0000-902-01. Nimerudia mara tatu, jibu ni lile lile. (Minneapolis, Minnesota)

Acha kurudia, dada. Msimbo huo wa kukataliwa una maana kwamba kwa mwaka huo, ritani yenye namba yako ya Social Security imekwisha kupokelewa.

Kwanza ondoa sababu za kawaida. Je, mumeo, au mliyeachana naye, aliwasilisha ya pamoja? Je, kuna mtu ulimtumia W-2 kwa WhatsApp mwezi wa pili, kisha ukabadilisha mawazo? Huyo anaweza kuwa ameituma bila wewe kujua. Hakikisha pia namba uliyoandika ni yako na si ya mtoto. Kama yote hayo si kweli, namba yako imeibwa, na mwizi amekimbilia kuwasilisha mapema ili achukue marejesho kabla mwenyewe hajaamka.

Chapisha ritani yako ya kweli, itie saini kwa wino, iambatishe na fomu 14039, ile ya kiapo cha kuibiwa utambulisho, na W-2 zako. Itume kwa posta, kwa njia inayokupa risiti ya kupokelewa, kwenda anwani ya IRS ya ritani za karatasi za jimbo lako. Kama unadaiwa kodi, lipa kabla ya tarehe 15 Aprili hata kama kesi haijaisha. Wizi hausimamishi riba. Idara ya kodi ya jimbo la Minnesota ni tofauti, nayo uijulishe kivyake.

Lakini angalia sanduku la barua kwanza. Ikiwa umepata barua yenye namba 5071C, 4883C au 5747C kwenye kona, IRS yenyewe imeitilia shaka ile ritani na imeizuia. Hapo hujazi 14039. Unafuata maelekezo ya barua, ukiwa na barua hiyo, ritani ya mwaka huu kama umeshaitengeneza, na ya mwaka jana mkononi, na unasema wazi: ile si yangu. Watu wanaofanya yote mawili hujikuta na mafaili mawili yanayongojana.

Jiandae kusubiri. Kesi hizi huchukua miezi mingi, mara nyingi zaidi ya mwaka. Ukikosa kodi ya nyumba au dawa kwa sababu ya kuchelewa huko, jaza fomu 911 kuomba msaada wa Taxpayer Advocate, ofisi iliyo ndani ya IRS lakini kazi yake ni kumtetea mlipa kodi.

Wakati huo huo funga rekodi zako za mikopo kwa Equifax, Experian na TransUnion, makampuni yanayozitunza, ili mwizi asikope kwa jina lako. Ni bure tangu 2018, na lazima uwaendee wote watatu.

Kisha chukua IP PIN. Hili tungependa kila msomaji alifanye, aliyeibiwa na asiyeibiwa. Ni namba ya siri ya tarakimu 6 inayobadilika kila mwaka. Bila namba hiyo, ritani yenye Social Security yako haipokelewi kwa intaneti, hata mwizi awe na jina lako, tarehe ya kuzaliwa na mshahara wako hadi senti. Tangu Januari 2021 mtu yeyote anayeweza kuthibitisha utambulisho wake anaruhusiwa kuiomba, na hata watoto wanaweza kuwa nayo. Njia ya haraka ni akaunti ya IRS mtandaoni. Huduma hiyo huwa imefungwa kuanzia katikati ya Novemba hadi Januari. Simu ikishindwa kukutambua uso, weka miadi ya ofisi ya IRS kwa 844-545-5640, uende na kitambulisho cha serikali chenye picha pamoja na hati nyingine ya kukutambulisha. Namba hufika kwa posta, kwa kawaida ndani ya wiki tatu. Umpe mtu mmoja tu, yule anayekutengenezea ritani, siku ya kuituma. Atakayekupigia simu akiiomba si IRS.

Tumeulizwa pia kama ni sawa "msaidizi" akufungulie hiyo akaunti kwa malipo kidogo. Hapana. Waliotoka Kenya wanaukumbuka mchezo huu: kijana wa saiba anakufungulia PIN ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, kwa baruapepe yake, mwaka unaofuata ukisahau nywila, ujumbe wa kuibadilisha unakwenda kwake. Hapa ni vilevile, ila akaunti ya IRS inaonyesha mishahara yako ya miaka kadhaa, anwani, na hiyo hiyo IP PIN. Mwanao akusaidie kubonyeza ukiwa umekaa pembeni yake, kwa baruapepe yako na simu yako.

*

Nilimwazima rafiki akaunti yangu ya kusambaza chakula kwa sababu kibali chake cha kazi kilichelewa. Pesa zote nilimpa. Sasa imekuja 1099-NEC, karatasi ya malipo ya aliyejiajiri, ya dola 19,400 kwa jina langu. Mtu amenishauri nijaze 14039 niseme nimeibiwa. (Phoenix, Arizona)

Usijaze. Fomu hiyo unaisaini chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, na wewe hukuibiwa, ulitoa mwenyewe. Utageuza tatizo la kodi kuwa kosa la jinai.

Kuikalia kimya nako hakufai. Kampuni imekwisha kupeleka nakala IRS, na kompyuta zao hulinganisha. Barua ya CP2000, ile inayosema ritani yako hailingani na rekodi zao, itakuja. Kwa mapato ya kujiajiri kuna kodi ya asilimia 15.3 ya Social Security na Medicare, inayohesabiwa juu ya asilimia 92.35 ya faida. Kama dola 19,400 zote zitahesabiwa faida, ni takriban dola 2,741, kabla hata ya kodi ya mapato. Na kama nyumbani mnapata SNAP (msaada wa chakula) au Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo), kipato hicho kinaweza kuonekana huko pia.

Njia iliyo halali ni kuripoti kwamba ulipokea kwa niaba ya mwingine: kiasi kizima kinaonekana kwenye ritani yako, kisha kinaondolewa, na wewe unatoa 1099-NEC kwa jina la rafiki yako aliyefanya kazi. Kwa hilo unahitaji jina lake kamili, namba yake ya kodi, na ushahidi wa pesa ulizompa. Toa historia ya Zelle au Cash App ya mwaka mzima leo, kabla hamjagombana. Ulizompa taslimu bila maandishi zitakuwa ngumu kuzithibitisha. Hii si kazi ya sebuleni. Muulize Enrolled Agent, au kliniki ya kodi ya LITC: hizi zinajitegemea, hazimo ndani ya IRS, huduma ni ya bure au kwa ada ndogo, na sheria inazitaka ziwasaidie hasa wenye kipato kidogo na wale ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Orodha yake iko kwenye chapisho namba 4134 la IRS. Na ile akaunti badilisha nywila usiku huu.

*

Wanangu wawili bado wako kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kwa mama yangu. Kila mwezi natuma dola 300. Mtengeneza ritani anasema ataniwekea kama wategemezi, na akikosa namba zao "atatafuta watoto wengine". (Boise, Idaho)

Baba, toka hapo na karatasi zako zote.

Mtoto asiye raia wa Marekani hawezi kuwekwa kama mtegemezi ikiwa anaishi Tanzania, hata kama kila senti ya ugali wake inatoka kwako. Sheria inamtaka awe raia au mkazi wa Marekani kikodi, au mkazi wa Canada au Mexico. EITC inataka zaidi: mtoto awe na namba ya Social Security na awe ameishi nawe ndani ya Marekani zaidi ya nusu ya mwaka. Pesa unazotuma nyumbani hazipunguzi kodi. Ni zawadi kwa ndugu.

"Watoto wengine" ni watoto wa watu, namba zao zimeibwa au zimenunuliwa. Siku mzazi wao atakapowasilisha ritani, namba itagongana, na wa kuulizwa ni wewe. Kwa mtu anayesubiri familia yake ije, ritani ya uongo ni hatari ya pekee, kwa sababu ombi la kuwaleta na baadaye ombi la uraia yanaweza kupekua kodi zako.

Wakifika, nenda ofisi ya Social Security mara moja kuhakikisha kadi zao zimetolewa. Namba lazima iwe imetolewa kabla ya siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani. Kama wamefika kabla ya mwisho wa Juni mkaishi pamoja hadi Desemba, wanahesabiwa kwa mwaka huo. Wakifika Agosti, nafuu ya watoto na EITC vitasubiri ritani ya mwaka unaofuata. Weka barua ya shule na ya kliniki zenye anwani yako na tarehe, kwa sababu IRS ikiuliza kama kweli mnaishi pamoja, hizo ndizo huombwa kwanza.